Impractical, impracticable, unworkable au quixotic? Jinsi ya kuchagua kivumishi cha Kiingereza kwa jambo "lisilowezekana"

Kiswahili kina jibu moja linalotosha karibu kila mahali: haiwezekani. Kuvusha lori mto uliofurika, haiwezekani. Kuvaa viatu vya visigino virefu shambani, haiwezekani. Kamati ya watu arobaini ambamo kila mmoja ana kura ya turufu, haiwezekani. Mtu mmoja kwenda kuisafisha wilaya nzima na rushwa, haiwezekani. Msikilizaji anapata maana kutokana na mazungumzo, wala hakuna anayepotea.

Kwenye Kiingereza kila moja ya hizo nne ina kivumishi chake. Ukivichanganya, mara nyingi msomaji atakuelewa na kukusamehe. Lakini kwenye mkataba, ripoti ya mradi au tafsiri ya sheria, kosa la herufi mbili linaweza kubadili nani anadaiwa nini. Kabla ya kufungua kamusi, jiulize kasoro iko wapi. Iko kwenye tendo lenyewe, kwamba halifanyiki? Au linafanyika ila halina faida ya jasho lake? Iko kwenye uendeshaji, kwenye makadirio, au kwenye moyo wa anayelifanya?

| Neno | Kasoro iko wapi | Husemwa juu ya | Kiswahili kinachokaribia |
|---|---|---|---|
| impractical | manufaa, ufaaji | vitu, mipango, watu | hakifai kwa matumizi. Si mtu wa vitendo |
| impracticable | tendo lenyewe | hatua, njia, utekelezaji | hautekelezeki |
| infeasible, unfeasible | hesabu na masharti | miradi, majawabu ya hesabu | hauna njia ya kufanyika |
| unworkable | uendeshaji | mifumo, sheria, makubaliano | hauendesheki |
| unrealistic | makadirio | malengo, muda, bajeti, matarajio | hayalingani na hali halisi |
| quixotic | moyo wa mtendaji | harakati, kampeni, safari | ya kishujaa isiyotazama hali halisi |

Jedwali ni la kutupia jicho tu. Ugumu wenyewe uko kwenye mistari miwili ya kwanza na huo wa mwisho.

Impractical na impracticable

Impractical ni kinyume cha practical, yaani -a vitendo, -enye kufaa. Kinachoelezwa kipo, au kinaweza kufanyika, ila matumizi yake ni taabu. "A white sofa is impractical in a house with small children." Sofa nyeupe inanunulika, inakalika, hata inafulika, shida ni kwamba utaifua kila wiki. Hakuna aliyesema haiwezi kuwekwa sebuleni.

Impracticable ni kinyume cha practicable, yaani -enye kutekelezeka. Hapa njia imefungwa. "In that wind a rescue by helicopter was impracticable." Si kwamba helikopta ingekuwa usumbufu au ghali, kwa upepo ule haikuwa na namna ya kufanya kazi ile.

Kuna vipimo vitatu vinavyotenganisha haya mawili, na kila kimoja unaweza kukitumia papo hapo mezani.

Kwanza, malizia sentensi kwa "but we did it anyway", tulifanya hivyo hivyo. "It was impractical, but we did it anyway" inakaa vizuri. "It was impracticable, but we did it anyway" inajipinga: kama mlifanya, basi ilitekelezeka. Sentensi ikikataa mkia huo, neno lako ni impracticable.

Pili, angalia kama unazungumzia mtu. "He is brilliant but hopelessly impractical" ni Kiingereza safi: ana akili nyingi, lakini umwachie kubadili balbu uone. Impracticable haisemwi tena juu ya mtu. Zamani ilisemwa, kwa maana ya mkaidi asiyeendeka, na pia juu ya barabara kwa maana ya kutopitika. Anayesoma shajara za wasafiri wa karne ya 19 atakutana na "the road was impracticable for wagons", na hapo tafsiri ni "haikupitika kwa magari ya kukokotwa" tu, bila kuongeza falsafa.

Tatu, jaribu kulipima kwa viwango. Very impractical, rather impractical, more impractical than, zote zinakubalika kwa sababu usumbufu una daraja. Impracticable huvumilia wholly, quite au virtually, kwa maana ya kabisa au karibu kabisa. "Very impracticable" inasikika kama "haiwezekani sana".

Sasa tahadhari. Katika mazungumzo ya kila siku, Marekani hasa, impractical imemeza kazi ya zote mbili, na impracticable imebaki kwenye sheria, mikataba na barua za serikali. Kwa hiyo ukiwa na shaka kwenye maandishi ya kawaida, andika impractical. Kosa la upande huu hupunguza uzito wa hoja, basi. Kosa la upande wa pili ni kubwa zaidi: ukiandika impracticable pale ulipomaanisha kwamba jambo ni la usumbufu, umetoa dai usiloweza kulitetea, na mtu mwenye nia mbaya atakuuliza ushahidi.

Unpractical nayo ipo, na kwa umri inaizidi impractical, lakini imepitwa na wakati. Utaiona kwenye vitabu vya Waingereza vya zamani, zaidi juu ya watu. Usiikosoe ukiiona, wala usiitumie. "Unpracticable" iache kabisa.

Pale sheria inapoingia

Hapa ndipo mfasiri wa Kiswahili anapohitaji kuwa macho zaidi, hasa tangu mwaka 2021 Tanzania ilipobadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Maandiko mengi yanayosubiri kufasiriwa yana fungu moja linalojirudia: "so far as is reasonably practicable". Lilipata nguvu kwenye sheria ya Uingereza ya afya na usalama kazini ya mwaka 1974, na sheria za aina hiyo za Tanzania (2003), Uganda (2006) na Kenya (2007) nazo zinalitumia.

Tafsiri inayokuja haraka ni "kwa kadiri inavyowezekana". Inasomeka vizuri, na ni kosa. Katika kesi ya Edwards dhidi ya National Coal Board ya mwaka 1949, iliyohusu mchimbaji aliyeuawa na mwamba ulioporomoka mgodini, Jaji Asquith alieleza kwamba "reasonably practicable" ni dhana finyu kuliko "physically possible". Mwajiri anaweka hatari kwenye upande mmoja wa mizani. Upande wa pili anaweka fedha, muda na usumbufu wa kuiondoa. Kama gharama imezidi mno ukilinganisha na hatari, ametimiza wajibu wake hata kama kimwili angeweza kufanya zaidi. Ukifasiri "kwa kadiri inavyowezekana", umemtwika mwajiri mzigo ambao sheria haikumpa. "Kwa kadiri inavyotekelezeka bila kuvuka mipaka ya busara" ni refu na halina mvuto, lakini linabeba mizani ile. Chagua urefu.

Marekani neno hili lina kazi nyingine, ya kumwondoa mtu kwenye mkataba. Kifungu 2-615 cha sheria yao ya biashara, Uniform Commercial Code, kinamsamehe muuzaji pale utekelezaji unapokuwa "impracticable" kwa sababu ya tukio ambalo pande zote mbili zilichukulia kwamba halitatokea. Swali linalofuata ni: gharama ipande kiasi gani ndipo jambo liitwe impracticable, na lisiwe impractical tu? Kesi mbili zinaonyesha ncha zote mbili.

Ya kwanza ni Mineral Park Land Co. dhidi ya Howard, iliyoamuliwa na mahakama ya juu ya California mwaka 1916. Wajenzi wa daraja la zege kwenye bonde la Arroyo Seco walikubali kuchukua kokoto na udongo wote wa kazi hiyo kwenye ardhi ya mdai. Walichukua za juu ya maji, wakaacha zilizobaki, kwa kuwa zilikuwa chini ya usawa wa maji na kuzitoa kungegharimu mara 10 hadi 12 ya gharama ya kawaida. Kokoto zilikuwepo. Mashine za kuzitoa zilikuwepo. Mahakama ilisema hata hivyo kwamba jambo ni impracticable pale linapoweza kufanyika kwa gharama iliyopita kiasi tu, na ikawaachia.

Ya pili ni Transatlantic Financing dhidi ya serikali ya Marekani, ya mwaka 1966. Meli ilikuwa imebeba ngano kutoka Galveston, Texas, kwenda Bandar Shapur, Iran. Mfereji wa Suez ukafungwa Novemba 1956, meli ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupandia Bahari ya Hindi. Safari ya takriban maili 10,000 ikawa ya 13,000, na kampuni iliyoiendesha meli ikadai dola 43,972 juu ya bei ya mkataba, dola 305,842 na ushei. Ni kama asilimia 14. Mahakama iliikatalia: njia ndefu haikuifanya safari kuwa impracticable, maana ngano ilifika salama na meli ilikuwa na uwezo wa kuzunguka.

Kati ya asilimia 14 na mara 10 kuna uwanja mpana wa mabishano, na ndiyo maana wanasheria hawalichezei neno hili. Kwa mwandishi wa kawaida funzo ni fupi. Ukimwandikia mteja wa Marekani kwamba kuleta mzigo kwa tarehe waliyotaka ni "impracticable", anaweza kusoma kwamba unajiandaa kujitoa kwenye mkataba, wakati wewe ulitaka kusema meli ni ghali mwezi huu. Andika "costly", au "impractical at this rate".

Sheria ya mikataba ya Tanzania, iliyofuata ile ya India, kwenye kifungu cha 56 inatumia "impossible". Msidhani ni kali hivyo inavyosomeka: Mahakama Kuu Kabisa ya India, mwaka 1954 katika Satyabrata Ghose dhidi ya Mugneeram Bangur, ilisema "impossible" ya kifungu hicho si ile ya kimaumbile tu, inaweza kuingiza jambo lililokuwa impracticable na lisilo na maana tena kwa lengo la mkataba.

Feasible na ndugu zake

Feasible limepitia Kifaransa, kutoka kwenye kitenzi cha kufanya, faire. Watu wa miradi wanalijua kupitia "feasibility study", upembuzi yakinifu. Ni neno la kabla ya kuanza: umekusanya takwimu, umepiga hesabu, na jibu limetoka kwamba haiwi. Impracticable mara nyingi hutamkwa na aliyefika eneo la kazi akakuta ukuta. Infeasible hutamkwa na aliye mezani na kikokotoo.

Kati ya infeasible na unfeasible hakuna tofauti ya maana. Kuna tofauti ya makazi. Kwenye hisabati na kompyuta ni infeasible tu. Chukua mtengenezaji wa chakula cha kuku anayetaka mchanganyiko wenye protini isiyopungua asilimia 20, na malighafi zake zote zina chini ya 16. Hata achanganye vipi hafiki, na programu ya kutafuta mchanganyiko nafuu itamwandikia "infeasible". Haimwambii ni ghali. Inamwambia masharti yake yanagombana. Wataalamu wa usalama wa data nao wana "computationally infeasible": ufunguo wa biti 128 wa AES, njia ya kuficha data kwa siri, una uwezekano upatao 3.4 × 10³⁸, na mashine ya kujaribu funguo trilioni moja kwa sekunde ingehitaji muda unaozidi umri wa ulimwengu mara mamia ya mamilioni ili kuzimaliza. Kinadharia inawezekana. Ndiyo sababu hawaandiki "impossible".

Nje ya nyanja hizo, Waingereza wenyewe huandika "not feasible" mara nyingi kuliko vyote viwili. Fuata hapo, utakwepa ubishi wa in- na un-.

Unworkable na unrealistic

Haya hayasumbui sana. Unworkable ni la kitu chenye sehemu nyingi zinazotakiwa kwenda pamoja: ratiba, sheria, muungano wa vyama, mgawanyo wa madaraka. Kinaweza kuanzishwa, hata kuzinduliwa kwa mbwembwe, kisha kikakwama katika kuendeshwa. Mwaka 1985, katika kesi ya Garcia dhidi ya San Antonio, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliitupa kanuni yake yenyewe ya mwaka 1976 kwa kuiita unworkable. Mahakama za chini zilikuwa zimejaribu kuitumia kutenganisha kazi "za asili" za serikali na zisizo za asili, zikaishia kutoa majibu yanayopishana. Hakuna aliyesema kanuni haikuwezekana kuandikwa. Haikuweza kutumika mara mbili ikatoa jibu lile lile.

Unrealistic ni la makadirio, basi: deadline, target, budget, expectation. Mtu haitwi unrealistic kwa tabia yake yote kama anavyoitwa impractical. Huitwa hivyo kuhusu jambo fulani, "unrealistic about the cost".

Quixotic

Hili ndilo linalotumiwa vibaya zaidi na watu wanaopenda maneno mazito. Limetokana na Don Quixote, mhusika wa riwaya ya Mhispania Miguel de Cervantes iliyotoka sehemu mbili, 1605 na 1615, na kivumishi kikaingia kwenye Kiingereza katika karne ya 18. Bila kisa, maana yake haikamiliki. Mzee mmoja wa La Mancha anasoma hadithi za mashujaa wapanda farasi mpaka akili inaruka. Anavaa deraya ya babu zake, anapanda farasi aliyekonda, anaondoka kwenda kutetea wanyonge, akiwa na mkulima jirani, Sancho Panza, kama msaidizi. Kwenye sura ya 8 wanakuta vinu vya upepo, thelathini au arobaini. Yeye anaona majitu. Sancho anamwambia ni vinu. Anakishambulia cha kwanza, upepo unazungusha bawa, mkuki unavunjika vipande, mpanda na farasi wanabingirishwa chini. Anapoinuliwa hasemi alikosea. Anasema mchawi amewageuza majitu kuwa vinu ili kumnyima sifa.

Kwa hiyo quixotic inadai mambo matatu kwa pamoja. Pawe na mtendaji, mtu au kikundi. Lengo liwe la heshima, si la tumbo lake. Na awe ametoka akatenda, huku akiwa kipofu wa hali halisi. Kimoja kikikosekana, neno linaanguka. "Quixotic shoes" ni upuuzi, maana kiatu hakina ndoto. "A quixotic timetable" haisimami. Mwizi aliyepanga kuiba benki kwa panga ni foolish au reckless, heshima haipo. Lakini mgombea binafsi asiye na chama wala fedha, anayezunguka kwa baiskeli akihubiri uadilifu, ni mfano kamili wa "a quixotic campaign". Majirani zake wa kawaida ni quest, crusade, mission, campaign, gesture, attempt, bid.

Toni yake imechanganyika, nusu mzaha na nusu heshima, na hapo ndipo Kiswahili kinapotutega. Kinywani yanakuja maneno mawili ya tayari. La kwanza ni "ndoto za Alinacha". Linafanana, lakini si lenyewe. Yule wa Alfu Lela Ulela alikaa na kapu lake la vyombo vya vioo, akahesabu faida ya biashara ambayo hajaifanya, akajiona tajiri, akamwoa binti wa waziri, na katika kumpiga teke la kiburi mke huyo wa kufikirika akalipiga kapu na mtaji wote ukawa vigae. Alinacha hakutoka alipoketi, na ndoto yake ilikuwa ya kujitukuza. Don Quixote alitoka, akapigwa kwa ajili ya wengine, akatoka tena. Ndoto za Alinacha kwa Kiingereza ni pipe dream, au mpango wa namna hiyo unaitwa fanciful.

La pili ni "kutwanga maji kwenye kinu". Hilo linabeba ubure wa kazi peke yake, na Kiingereza chake ni futile. Halina ushujaa ndani yake, na halimsifu mtwangaji hata kidogo.

Kwa hiyo ukifasiri quixotic kwenda Kiswahili, usikimbilie methali. Sema yote mawili waziwazi: "harakati za kishujaa zisizotazama hali halisi", au "jitihada njema isiyo na tumaini la kufaulu". "Kupigana na vinu vya upepo" itaeleweka na waliosoma kisa. Wengine watadhani unazungumzia umeme wa Turkana.

Utopian linatajwa karibu na quixotic, lakini ni la mpangilio wa jamii nzima, si la mtu na safari yake. Thomas More ndiye aliyeunda jina Utopia mwaka 1516 kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mahali pasipokuwepo". Mpango wa mji usio na polisi wala kodi ni utopian. Mtu anayekwenda kuujenga peke yake kwa jembe ni quixotic.

Kuyajaribu yote kwenye mradi mmoja

Mpango wa karanga wa Tanganyika una kazi kwa karibu kila neno hapa. Baada ya vita vya pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Serikali yake ikaamua kulima karanga kwenye ekari milioni 3.21, sehemu kubwa Tanganyika, ikianzia Kongwa mwaka 1947. Mpango ukavunjwa mwaka 1951, na pauni zipatazo milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Lengo hilo ni unrealistic. Ukiliita impractical hujakosea sana, ila umepoteza ncha, kwa sababu kasoro iko kwenye namba.

Kwa ukosefu wa matrekta, vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani viligeuzwa kuwa matrekta na kuitwa Shervick. Yalitembea, yalivuta. Kwa ardhi ile na mibuyu ile hayakufaa, na yaliharibika upesi. Mashine hizo ni impractical.

Udongo wa Kongwa una mfinyanzi mwingi. Mvua ikikatika unakauka ukawa mgumu, na karanga huiva chini ya ardhi. "Once the soil had set, lifting the crop by machine was impracticable." Hapo neno kali limepata mahali pake, maana karanga zipo, mashine ipo, ardhi haitoki.

Muundo wa maamuzi, ekari zikipangwa London na vipuri vikisubiriwa Kongwa, uite unworkable. Na kama upembuzi yakinifu ungefanywa kwa kupima udongo na mvua kwa miaka kadhaa badala ya ziara ya wiki chache, jibu ambalo lingetakiwa kuandikwa ni "not feasible".

Je, mpango ulikuwa quixotic? Wapo watakaoandika hivyo, na sentensi itapendeza. Tungeiacha. Waliouanzisha walisema utawanufaisha wenyeji pia, lakini msukumo ulikuwa majarini ya Waingereza, na walikwenda na mamilioni ya pauni, si na mkuki wa kurithi. Ill-conceived inatosha.

Nani analaumiwa

Jambo ambalo kamusi haziliandiki vya kutosha ni kwamba kila neno linamnyooshea mtu kidole. Impracticable huilaumu hali: upepo, mto, udongo. Ndiyo maana kwenye barua rasmi ndilo la adabu zaidi, japo linasikika zito. Not feasible huzilaumu hesabu. Unworkable humgusa aliyebuni mfumo. Unrealistic humlaumu moja kwa moja aliyeweka lengo. Ukimwandikia bosi wako kwamba bajeti yake ni unrealistic, umemwambia hajui kukadiria. Impractical juu ya wazo ni onyo la wastani, juu ya mtu ni dharau ndogo. Quixotic ni la mtazamaji aliyesimama pembeni. Usiliweke kwenye barua kwa mfadhili kuhusu mradi wake, hata kama unamsifu, kwani atasikia upande wa mzaha tu.

Ukitaka kulainisha, Kiingereza hupenda kukanusha neno jema badala ya kutamka baya: "not practical at this stage", "may not be feasible within the current budget". Hizo zinapita mezani bila mtu kukunja uso.

Tahajia, matamshi na nomino

Impractical ina silabi nne, impracticable tano, na mkazo kwa zote uko kwenye PRAC. "Impracticle" ni kosa. Quixotic huandikwa kwa herufi ndogo na hutamkwa kwik-SO-tik, ingawa jina la mzee mwenyewe kwa Kihispania ni ki-HO-te. Ukisema "kihotik" kwa kudhani unalinda asili, utaonekana umeteleza.

Nomino nazo zina mitego. Impracticality ni ya impractical, impracticability ni ya impracticable, na kwenye mikataba ya Marekani ni "commercial impracticability". Ukipunguza silabi umeandika kitu kingine. Ya quixotic ni quixotism. Kwa vielezi, impractically hukaa vizuri mbele ya kipimo, "impractically large", na unrealistically mbele ya bei au muda, "unrealistically low". Impracticably ni nadra, na sentensi inayoihitaji huwa bora ukiiandika upya.